Mdalasini wa Kwenye Tangi

Nina miaka hamsini na minne, nina wajukuu wawili, na mwaka juzi nilikuwa najificha bafuni kuvuta sigara ili mama asinione. Cheka tu, lakini kama umelelewa na mama wa Kinole, kule mlimani, utanielewa. Mbele yake huvuti. Unaweza kuwa na mvi kichwa kizima, unaweza kuwa fundi friji anayejulikana mtaa wote wa Mwembesongo, mama akitokea unaizima hata kiganjani. Mimi nimewahi kuizima kiganjani. Kovu ninalo mpaka leo.

Mama alishuka mjini kufanyiwa operesheni ya mtoto wa jicho. Macho yakapona, akawa anatunga uzi kwenye sindano bila kuomba msaada. Kilichoharibika ni kifua. Wiki ya tatu nyumbani kwangu akaanza kubanwa: anakohoa, anahema, anakaa kitandani ameegemea ukuta kwa sababu akilala chali pumzi hazimtoshi. Mwanamke aliyepanda mlima na mkungu wa ndizi kichwani maisha yake yote! Tangu mke wangu afariki nilikuwa peke yangu katika nyumba ile, na sigara zilikuwa zimeshazoea kukaa ndani. Mama alipokuja nikazihamishia bafuni, nikafungua kidirisha, nikajiona mjanja.

Tukaenda hospitali. Daktari, binti mdogo tu, mpole, akamwamkia mama shikamoo, akampima, halafu akanigeukia.

"Baba, nyumbani kuna mtu anayevuta sigara?"

Mama amekaa pale pale, mkoba mapajani, ananitazama na yale macho yake mapya.

"Hapana," nikasema.

Neno lilitoka lenyewe. Daktari akaandika. Akauliza huko kwao mama anapikia nini, nami nikadakia haraka: kuni. Basi, akasema, utakuwa ni moshi wa kuni, na baridi ya mlimani nayo haimsaidii. Akampa dawa ya kuvuta kwa mdomo, kisha akasema kwa upole kwamba bibi asirudi tena Kinole. Abaki mjini na mwanawe.

Mama ana miti ya mdalasini kule, aliipanda na marehemu baba, na msimu wa kumenya magome ulikuwa unakaribia. Akasema, "Sawa, daktari." Nilitamani ardhi ipasuke initie ndani. Huko mlimani hakuwahi kubanwa hata siku moja. Mimi nalijua hilo na yeye analijua.

Sasa, mtu mwenye akili zake angemgeukia daktari pale pale akasema ukweli. Mimi nikaenda kutafuta sigara ya umeme. Hesabu yangu ilikuwa hivi: nikiondoa moshi mama atapona, akipona daktari atamruhusu kurudi kwake, na hakuna atakayejua kitu.

Ya kwanza niliyonunua ilikuwa ya kutupa ikiisha. Tamu kama peremende. Ikaisha kabla sijaizoea, nikarudi bafuni na sigara zangu. Ndipo dada mmoja anayeuza vifaa vya simu mjini akanionyesha yenye tangi la kujaza. Katangi ka kioo, unakafumbata mkononi kakapotea. Ndani yake kuna koili, kijiwaya cha kupasha moto, iliyozungushiwa pamba. Maji yake unajaza mwenyewe, na makali ya nikotini unayapunguza kidogo kidogo hadi yaishe.

"Ukishajaza, baba, iache kwanza dakika kumi pamba inywe," akasema. "Usiivute ikiwa kavu."

Ananifundisha koili, mimi! "Mwanangu, hiyo ndiyo kazi yangu," nikamjibu. Nikachagua ladha ya mdalasini. Nilijiambia mama akisikia harufu ile hatashtuka, maana ameishi nayo. Akili za mwizi hizo.

Nikajifungia bafuni. Nusu ya maji nikaimwaga sakafuni, kwa sababu niliyamimina kwenye tundu la katikati, la hewa, badala ya lile la pembeni. Nikafuta, nikajaza tena, nikavuta papo hapo. Lahaula! Koo liliungua kama nimemeza kaa la moto. Pamba ilikuwa kavu na sasa imeungua. Nikakohoa hadi nikashika ukuta, machozi yananitiririka, na kutoka chumbani nikamsikia mama naye anakohoa. Tukawa tunakohoa wawili, yeye huko, mimi huku. Pale nilijionea aibu kwelikweli.

Kesho yake nikaweka koili nyingine, nikajaza kwa tundu la pembeni, nikaliacha tangi dirishani, nikaenda kuosha vyombo vyote, hata sufuria lililokuwa limelowekwa tangu juzi. Niliporudi nikavuta. Ikashuka taratibu, koo likaridhika. Nikakaa juu ya ndoo niliyoigeuza nikacheka peke yangu. Pakiti ya sigara iliyobaki nikaiponda na kuitupa jalalani.

Jioni ile mama alikuwa anachagua mchele sebuleni. Akainua pua.

"Nani anamenya mdalasini saa hizi?"

"Labda majirani, mama."

Akanusa tena, safari hii kwa makini, kama anavyonusa gome kabla hajalikataa. "Huo si mdalasini. Wamepunjwa hao majirani zako." Akaendelea na mchele wake.

Haukupita mwezi mama akawa analala chali. Anakohoa mara mojamoja, anafagia uwanja asubuhi kabla sijaamka, ananigombeza kwa chumvi. Nilikwenda hospitali siku ya marudio nikiwa najipongeza njia nzima. Daktari akamsikiliza kifua, akatabasamu.

"Mmeona? Mjini kumemfaa. Ndiyo maana nilisema asirudi mlimani."

Sikuwa nimelifikiria hilo hata kidogo. Kadiri nilivyomponya kwa siri, ndivyo nilivyozidi kumfungia mjini. Mama akainamisha kichwa, akasema tena ile "sawa, daktari" yake, na mimi nikashindwa kuvumilia. Nikatoa tangi mfukoni nikaliweka mezani.

"Daktari, nilikudanganya. Mimi ndiye ninayevuta. Nimevuta ndani ya nyumba ile miaka yote, na mama alipokuja nikavutia bafuni. Kinole hakuwahi kubanwa. Moshi ni wangu."

Sikuthubutu kumtazama mama. Daktari hakunifokea, alifuta alichoandika mwanzo, akauliza maswali upya, na safari hii nikajibu yote. Mwisho akasema bibi anaweza kurudi kwake, aende na dawa yake, na jiko la kuni litolewe nje ya nyumba. Kisha akakigusa kile kioo kwa kalamu. "Na hii, baba, nayo si hewa safi. Ivutie nje, punguza, halafu uache."

Mama akanyoosha mkono, akalichukua tangi, akalinusa.

"Kumbe jirani mwenyewe ndiye wewe," akasema.

Nilicheka hadi machozi yakanitoka mbele ya watu. Mzigo niliokuwa nao kifuani ulishuka wote. Sikumbuki lini mara ya mwisho nilijisikia mwepesi namna ile.

Tulikaa kwenye benchi tukisubiri dawa. Mama alikuwa anahesabu kwa vidole watu atakaowaita kumenya mdalasini, na nani ni mvivu asiitwe.

"Mama, ulijua navuta?"

"Tangu uko darasa la saba."

"Sasa siku ile mbona ulinyamaza? Ungelikosa shamba lako!"

Akafunga upya khanga yake kiunoni.

"Aliulizwa mwanangu, akasema hapana," akanijibu. "Ningesema nini tena?"