Gari Lililoulizwa Jina

Kama wewe ndiye ungenisimulia haya, nisingekuamini. Ningekuuliza ulilala saa ngapi, ulikunywa nini, na nani mwingine aliona. Ndivyo nilivyo, chuo kikuu kilinipa shahada ya uhandisi na ugonjwa wa kuuliza. Lakini nilikuwepo, nilikuwa macho, na ufunguo wa gari ulikuwa mkononi mwangu. Huo ufunguo ukumbuke.

Ilikuwa miaka ya tisini, nami nilikuwa nyumbani karibu na Mukumu nikingoja kazi isiyokuja. Binamu yangu Shivachi alikuwa amenunua gari la Kijapani lenye turbo, mtumba lililoshushwa Mombasa, akataka lipumue vizuri zaidi. Aliagiza Nairobi filta ya wazi, ile yenye umbo la pia, isiyofunikwa na chochote. Tuliifungia katika banda la marehemu baba yake, ambamo zamani alilala Ngurumo, fahali wake mwekundu wa kupigana. Mzee alikufa, Ngurumo naye akafa, ila pembe zake zilikuwa bado zimepigiliwa juu ya mlango.

Kazi yenyewe haina ajabu. Tulitoa sanduku jeusi la plastiki linaloficha filta ya kiwandani, tukavisha mpira mpya wa kupitishia hewa, tukakaza filta mwisho wake kwa klipu, kisha nikakata kipande cha bati cha kuikinga na joto la injini. Shivachi alipowasha na kukanyaga mafuta, turbo ilivuta hewa kwa mlio mrefu wa chini. Alipoachia, ikashusha pumzi: pshaa. Nyasi kavu zilisogea sakafuni.

"Prof, sikia," Shivachi akasema. "Hii kitu iko hai."

"Ni hewa inapita kwa tundu, bwana. Usianze."

Mama yake, ninayemwita senge kwa kuwa ni dada wa baba yangu, alikuwa amesimama mlangoni. Hakutazama gari. Alitazama pembe.

"Mmempatia jina?"

"Nani, senge?"

"Huyo. Mmemfungua pua, mnataka kumtoa alfajiri, na hamjampatia jina? Mzee hangetoa ndume barabarani namna hiyo. Asiye na jina ni wa yule atamwita kwanza."

"Mama, hii inakulanga petroli, si nyasi," Shivachi akamjibu.

Tulicheka sisi wawili. Senge akarudi jikoni kwake.

Alfajiri ya Jumamosi tulitoka kulijaribu, tukashika barabara ya Shinyalu. Ukungu wa msituni ulikuwa umelala juu ya udongo mwekundu wa murramu. Taa ziliingia ndani yake na hazikutoka. Tulikwenda polepole, kama tunaoelea. Gari lilikuwa likivuta ukungu ule, niliusikia ukiingia. Kisha harufu ikatujia: majani yaliyokanyagwa, samadi, jasho la mnyama. Nikajiambia, filta iko wazi, inavuta harufu za nje. Maelezo mazuri, sivyo? Ila hewa ya filta huenda kwenye injini, haiji kwa abiria. Hilo nililijua.

Mbele yetu ikalia pembe. Mtu alitokea kwenye mwanga, amevaa gunia, amejifunga majani kiunoni, anakimbia taratibu huku akiimba, kama wanavyokimbia wanaopeleka fahali uwanjani. Kwetu fahali hupiganishwa Jumamosi, kwa hiyo hilo si ajabu. Akapunguza mwendo mpaka akawa sambamba na dirisha la Shivachi. Uso wake niliuona vizuri, na sikumbuki hata kidogo ulivyokuwa.

"Huyu mnamuita nani?" akauliza.

"Bado hana jina, mzee," Shivachi akasema akicheka. "Mpatie wewe."

Yule mtu akaweka mkono juu ya boneti, akainama kama anayemnong'oneza mtoto, akasema neno moja. Mimi sikulisikia. Shivachi alilisikia.

Gari likaacha barabara, likamfuata kwenye njia ya miguu inayopanda kuelekea msituni.

"Kanyaga breki," nikamwambia Shivachi. Miguu yake yote miwili ilikuwa imetulia sakafuni. Nikazima gari. Nikachomoa ufunguo. Usukani ulipaswa kujifunga, uligeuka wenyewe. Na ile pumzi haikukoma: ndani, nje, ndani, nje, magurudumu yakipanda mlima. Niambie wewe, injini isiyo na moto inavuta hewa ya nini?

Ndipo nilipomtazama binamu yangu. Kifua chake kilikuwa kinapanda na kushuka pamoja na gari. Macho yalikuwa wazi, anatabasamu kama mtoto anayebebwa usingizini. Nilimvuta mkono, alikuwa mzito kama mnyama. Miti ilikuwa inakaribia, nami nilijua, usiniulize nilijuaje, kwamba tukiingia humo Shivachi hatashuka tena.

Nikakumbuka pembe za bandani. Nikatoa kichwa dirishani, mimi na shahada yangu, nikaita kama marehemu baba yake Shivachi alivyokuwa akiita jioni malishoni:

"Ngurumo! Ngurumo, rudi nyumbani!"

Wimbo wa yule mtu mbele yetu ukakatika. Nyuma yetu kukaja kwato, nzito, bila haraka. Kitu kikubwa kikajisugua ubavuni mwa gari mpaka likainama upande wangu, kikapita mbele. Sikukiona. Niliona ukungu tu ukipasuka na kujifunga tena. Halafu ndege wakaanza kulia, gari limesimama, na Shivachi ananiuliza kwa nini nimeshika ufunguo.

Nyumbani tulifungua boneti. Filta ilikuwa imejaa manyoya mafupi mekundu, na lile bati nililolikata lilikuwa limebonyea ndani. Senge aliyachambua manyoya kwa vidole, akayanusa.

"Ametembea mbali," akasema taratibu, akaenda kuyachomeka kwenye pembe.

Sanduku la kiwandani tulilirudisha siku hiyohiyo. Shivachi analiendesha gari hilo mpaka leo. Lakini Jumamosi pembe inapolia upande wa Shinyalu, yeye hukatiza neno katikati, kifua kinapanda, anangoja. Mimi humshika mkono mpaka ipite. Lile neno alilolisikia hajaniambia. Husema tu kwamba ni jina zuri, na kwamba siku hizi linakaribia mdomoni.

Basi wewe mwenye gari, fungua pua ya injini yako ukitaka. Hata leo nitakueleza faida yake kwa hesabu. Ila kabla halijaona alfajiri, liite jina, lolote, hata la shemeji yako. Na mtu akikuuliza njiani linaitwaje, usimwambie achague.