Kapita wa Kwenye Mlimao

Mama Clémentine alikuwa mtu wa kukataa. Serikali ya ng'ambo ya ziwa, kwao Pweto, ilipowaamuru watu wayatupe majina yao ya ubatizo, yeye alikuwa ameshaolewa upande huu wa Zambia, hapa Kashikishi, na hakuna aliyemuuliza kitu. Alikataa hivyo hivyo. Alisimama katikati ya mafungu ya samaki sokoni akatangaza kwamba yeye ni Clémentine, atazikwa Clémentine, na ulimi unaoshindwa kulitamka ukae kimya. Wanawake wenzake wakacheka hadi wakashika mbavu. Siku hizo walimpenda.

Kisha mumewe Mpundu akafa kwa homa, na ndugu za marehemu wakaja. Walibeba mtumbwi, wakabeba nyavu nzima, wakabeba baiskeli. Walimwachia wavu mmoja uliochanika, na nyumba, tena nyumba nayo kwa muda tu. Chola, mdogo wa marehemu, alitaka kumrithi mjane kama desturi yao ilivyo, kisha ahamie humo. Mwanamke asipotaka, basi afunge mizigo yake arudi kwao.

Alikuja kuyasema hayo kwa upole, akimwita balamu, yaani shemeji, kwa heshima zote.

"Ile matofali nilifyatula na hii mikono, balamu," Clémentine alimjibu. "Bwana sitaki tena. Na nyumba siachi."

Chola akainuka, akasema watu watamfundisha adabu.

Kinyonga alikuja ndani ya kuni. Asubuhi hiyo Clémentine na jirani yake Dorica walikuwa wanawasha tanuri la kukaushia samaki, na tawi moja lenye majani lilikuwa limeshafika mdomoni mwa moto, Clémentine alipoona kijiti kinatembea.

"Mayo! Lufwinyemba!" Dorica akapiga kelele, akimtaja kinyonga kwa lugha ya kwao, akatupa mzigo wake, akakimbilia uani kwake.

Pwani yote ile ilijua kwamba mnyama huyo hubeba kifo. Mtu hamgusi. Humchokoza kwa fimbo ndefu mpaka afungue kinywa, akamtupia ugoro humo, mnyama akafa. Clémentine aliyasikia hayo tangu utotoni, na kusema kweli nywele zilimsimama. Lakini alipomwona mnyama ameng'ang'ania tawi lake, jicho moja likimtazama yeye na jingine likiutazama moto, hasira ilimpanda juu ya woga. Na huyu naye anafukuzwa kwake, akajisemea. Akanyoosha mkono. Kinyonga akampanda kidoleni, mguu mmoja mmoja, kwa nyayo za baridi. Clémentine akasubiri kufa. Hakufa.

Akamwita Kapita, kwa sababu kama makapita wote, yaani wanyapara, aliowahi kuwajua, alitembea taratibu, akakagua kila upande, na kazi yoyote hakufanya.

Makao yake yalikuwa mlimao ulioota kando ya mlango, upande wa jua la asubuhi. Clémentine aliutwaa ule wavu uliochanika, akauziba matundu makubwa, akaufunika mti mzima na kuukandamiza chini kwa mawe. Nzi waliingia watakavyo, Kapita hakuweza kutoka. Ndani akaweka vichwa vya samaki ili kuwaita nzi hao. Alfajiri mnyama alikuwa mweusi kwa baridi, jua likimpiga akageuka kijani, na Clémentine akakaa kizingitini na chai yake kumtazama. Tangu Mpundu azikwe, ilikuwa mara ya kwanza kwake kuwa na sababu ya kuamka.

Ila maji alikosea. Alimwekea sahani, na Kapita akaipita kana kwamba haipo. Macho yakaanza kudidimia, ngozi ikafanya mikunjo.

"Ona, ba Clémentine, inakufa," Dorica alisema kutoka ng'ambo ya ua. "Na weye utaifuata."

Clémentine alilia, kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Akanawa mikono yenye magamba ya samaki pale pale mlimaoni, akaikung'uta. Matone yakashika kwenye majani. Kapita akasogea, akafungua kinywa, akaanza kunywa jani kwa jani. Kumbe! Clémentine akacheka peke yake mpaka Dorica akafunga mlango.

Tangu hapo akawa anamnyunyizia kwa vidole. Majani yalikauka upesi, basi ilimbidi aache meza yake sokoni na kurudi mbio nyumbani. Meza yenyewe ilipoteza wateja. Samaki ya muloshi, walinong'ona, samaki ya mchawi. Wasionunuliwa aliwala mwenyewe, hadharani, akilamba vidole.

Hatimaye Chola akaja na watu wa ukoo na majirani nyuma yake. Mkono mmoja alishika fimbo, mkono mwingine mkebe wa ugoro.

"Batu bote baone," akasema, akimnyooshea Kapita fimbo kama muuaji. "Mpundu alikufa juu ya hii nyama."

"Mpundu alikufa mbele. Hii nyama ilikuya nyuma. Weye ndiye ulimuzika, balamu, umesahau?"

"Toka mu nyumba ya ndugu yangu!"

Clémentine aliinua wavu, akamchukua Kapita kiganjani, akasimama mlangoni.

"Unataka nyumba? Njo hii. Kapita iko mu mulango. Ikamate, itoshe na mukono yako, si na fimbo, na mi nitabeba bintu yangu leo."

Chola akapiga hatua. Kapita akavimba, akajaa madoa meusi, akaachama kinywa chekundu na kufoka. Huo ndio ulikuwa wakati wa ugoro, kinywa hicho hapo wazi, ila mkono wa Chola ulikataa kwenda. Mkebe ukamponyoka, ugoro ukamwagika miguuni pake mwenyewe. Akarudi nyuma mpaka barabarani, ndipo akapata sauti.

"Muloshi!"

"Siko muloshi!" Clémentine alipaza sauti. "Hii nyumba ni yangu juu nilijenga! Hapana juu munaogopa!"

Watu walikuwa wameshaanza kumfuata Chola, na hakuna aliyegeuka. Hapo ndipo ilipomuuma. Alitaka waseme kwamba haki ni yake, nao walimwachia nyumba kwa hofu tu, na kesho kisimani wangempisha bila salamu. Basi wampishe, akaamua. Atachota wa kwanza.

Mkebe ulibaki pale mlangoni. Aliusugua kwa majivu na mchanga, akauchemsha na kuurudia mpaka harufu ya tumbaku ikatoka kabisa. Akautoboa kitakoni kwa msumari, akaujaza maji, akautundika juu ya mlimao. Tone likaanguka jani la juu, likateleza la chini, na jingine likafuata. Kapita akaja kunywa. Siku hiyo Clémentine alikaa sokoni mpaka jioni, meza yake ikiwa mbele yake, na hakurudi mbio nyumbani.

Aliporejea alimkuta Dorica ameegemea ua, anautazama ule mti.

"Ba Clémentine, ile si mukebe ya Chola?"

"Njo yenyewe. Umuambie, akiitaka, akuye aitoshe na mukono yake."