Bomba la Kilabuni

Eucabeth alikuwa mpishi wa busaa, ile pombe ya nafaka, na wacha tuseme ukweli, alikuwa mpishi hatari. Jumamosi wanaume wa Kambi Mawe, ule mji mdogo kando ya barabara ya Njoro, walipitia kwake kwanza, ndipo wakumbuke kwamba wana wake nyumbani. Mwaka wa hamsini na sita bodi ya mji ikafungua kilabu chake, ikapiga marufuku pombe ya majumbani, na Eucabeth akalala ndani, jela ya Nakuru, mara mbili. Alipotoka alikuta kilabu kitupu. Busaa ya bodi ilikuwa mbaya ajabu. Hata walevi sugu, watu wasiochagua, waliinusa wakaenda kulala.

Mkubwa wa bodi alikuwa mzungu mmoja mwekundu ambaye watu walimwita Bwana Kofia. Alimfuata Eucabeth mpaka mlangoni.

"Mama, wewe kuja pika kwa serikali. Hapana taka, rudi kwenu."

"Nikipika, bomba la maji litakuja?" Eucabeth akauliza.

Hakuuliza kwa kubahatisha. Laini yao, ile safu ya vyumba walimokaa, ilikunywa maji ya mto, na huko juu ng'ombe wa masetla, wazungu wenye mashamba, walikuwa wakiogeshwa dawa. Juzi tu Awuor, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, alizika mtoto wake wa pekee. Kuhara tu, basi, mtoto ameisha. Eucabeth ndiye aliyemwosha, na tangu siku hiyo akiona debe la maji ya mto alipandwa na hasira.

"Faida ya pombe italeta bomba," Bwana Kofia akasema. "Watu nakunywa mingi, maji nakuja."

Hebu sikia hiyo! Ili mtoto apate maji, sharti baba yake alewe kwanza. Lakini hayo ndiyo yalikuwa maendeleo ya Kambi Mawe. Taa ya barabarani ilitoka kwa walevi, choo cha sokoni vilevile, na hata baiskeli ya karani. Siku ya baraza bodi iliwafokea watu waache ulevi, na kesho yake inawafungulia kilabu mapema.

Eucabeth akaenda kupika. Akakaanga unga uliochacha kwenye mabati, akatia kimea cha wimbi, na harufu ilipofika karakana ya reli watu waliangusha nyundo. Kilabu kikafurika. Wanawake wa laini walimnunia, wakasema anawamalizia waume kwa ajili ya mzungu.

"Nuneni tu," aliwaambia. "Mtaninunia mkikunywa maji safi."

Awuor peke yake hakumnunia. Alimsaidia kubeba kuni.

Bomba likaja kweli, baada ya walevi kujitolea mwaka mzima. Bwana Kofia akahutubu, jasho likimtoka, akisema huo ndio uongozi bora, uongozi wenye macho ya mbali. Watu wakapiga makofi. Kisha wakaona bomba lenyewe limewekwa ndani ya ua wa kilabu, kando ya jiko, kwa sababu pombe inahitaji maji. Na sheria ya kilabu ilisema mwanamke haruhusiwi kuingia, isipokuwa mpishi.

Awuor alifika langoni na debe lake. Askari wa lango akamrudisha.

Eucabeth aliona. Siku hiyo hakuwasha moto. Alifungua bomba, akajaza debe, akalipitisha juu ya ua kwa wanawake waliokuwa nje, akapokea jingine. Saa za pombe zilipofika wanaume walipanga foleni na vikombe vyao.

"Busaa iko wapi?" akafoka Kipketer, mteja namba moja.

"Hakuna. Shika debe umpelekee bibi yako."

Kipketer alimtukana yeye na ukoo wake wote, halafu akashika debe. Wengine wakafuata, wakidhani wakimaliza haraka pombe itapikwa. Wapi!

Bwana Kofia akaja mbio. "Nini hii? Leo nauza nini?"

"Maji, bwana. Na ni ya bure."

Kesho yake ikawa vilevile, na keshokutwa, kilabu hakikuingiza hata senti. Hapo ndipo uongozi wenye macho ya mbali ulipoona karibu. Mafundi ambao mji ulikuwa umewaomba tangu zamani walifika asubuhi moja, wakatoboa ua, wakavuta bomba mpaka nje. Eucabeth alifukuzwa kazi kabla hawajakusanya vyombo vyao.

Wanawake walicheka, wakapiga vigelegele, wakamsukuma Awuor achote wa kwanza. Akajaza debe. Maji yalikuwa meupe, unaona hadi chini. Aliyatazama, kisha akaketi pale pale chini.

"Yamechelewa, mama," akasema.

Eucabeth, ambaye mdomo wake uliwashinda askari na mahakimu, alifunga bomba tu. Aliketi naye kwenye matope.