Milimao ya Uwanja wa Gofu

Tulikuwa kamati ya kuchagua arshitekte wa kutuchorea uwanja mpya wa gofu, huku Alunguli. Mimi niliingizwa kwa ajili ya mdomo wangu wa sokoni, wa kupunguza bei. Gofu yenyewe sijawahi kuicheza.

Arshitekte wa kwanza alikuwa wa bei nafuu, na nilishaanza kumpenda. Alichora bwawa zuri katikati ya shamba la dada yangu mkubwa, lililoingia ndani ya uwanja huo. Dada akaangalia karatasi, akaisukuma pembeni. Nilijua kwa nini. Wakati wa vita njia ya makaburini ilifungwa, tukazika watu wetu mule kwenye mihogo, bila msalaba wala jiwe, maana askari walikuwa wanafukua wakidhani tumeficha mali. Juu ya kila maiti tulipanda mlimao.

Wa pili, wa bei kali, alikataa kiti. Alizunguka shamba lote kwa miguu, akarudi na swali.

“Mama, mihogo mumeipanda kwa mistari. Hii milimao mbona imetawanyika?”

“Chini yake iko watu, baba,” dada akasema. “Ule wa katikati njo mutoto wangu.”

Akakunja mchoro wake. “Basi mipira itapita pembeni. Milimao itabaki.”

Nilihesabu ile milimao mara mbili, ili nisimtazame dada usoni. Wenzangu walikuwa wananingoja nianze kulia bei.

“Tunamchukua huyu,” nikasema. “Bei yake muniachie mimi.”

“Usimsumbue sana,” dada akasema.