Jina Ambalo Mke Wangu Hakuwahi Kulitamka

Mke wangu alipoanza kupotea kichwani, tulikwenda kliniki hapo Magongo. Daktari, msichana mpole mwenye kucha nyekundu, akanieleza polepole, maana mimi shule niliachia darasa la tatu. Akasema ubongo ni chembe nyingi mno, na chembe hizo hazigusani. Baina yao mna upenyo mdogo sana. Hii inamwaga maji yake kama dawa, ile inayadaka, ndivyo habari inavyovuka. Panapovukwa sana panapata nguvu. Pasipovukwa, ubongo wenyewe huikata njia hiyo.

"Na ugonjwa wa bibi unaanza kula hapo hapo penye maungio, babu. Mzungumzishe kila siku."

Hilo nililielewa. Nimefanya kibarua depo ya mafuta Changamwe mpaka mgongo ukakataa, nimeona mabomba yasiyopitisha kitu yakiliwa na kutu hadi yakang'olewa. Hata mguu huu... basi, ya mguu tuyaache.

Kila asubuhi baada ya chai nikawa namshikilia. "Mimi nani? Sema jina langu." Ananikodolea macho. Nikimtajia anarudia, kesho limekwisha toka. Siku nyingine nilimfokea, akalia.

Nami sikufikiri. Kwetu mke hamwiti mumewe kwa jina, ni kumvunjia heshima. Tangu tuoane mimi kwake ni "baba watoto". Mchungaji alipomuuliza mumeo anaitwa nani, alicheka, akaninyooshea kidevu. Jina langu halikuwa na njia kichwani mwake. Nilikuwa nachimba mpya, na ile tuliyoipita maisha yetu yote nimeiacha ikauke. Kama ni ugonjwa au ni mimi, daktari naye hasemi.

Juzi nilimkuta mkekani anasuka ukili. Akainua uso, akalitaja jina langu zima, na la ubatizo juu. Nikachuchumaa mbele yake.

"Haya, huyo ni nani?"

"Si wewe? Bwana wa maswali."

"Na baba watoto?"

"Hajarudi kutoka kazini. Akija akakukuta humu ndani, shauri yako."

Akavuta leso akajitanda kichwa, kama afanyavyo mbele ya mwanamume mgeni. Nikachukua kikombe chake, nikatoka nje. Nikamsikia huko ndani akilirudia jina langu, polepole, kwa woga, asije akalisahau nikamfokea.