Jinsi timu ya chuo chetu kidogo cha Riyadh ilivyowafunga mabingwa wa Jeddah, na mimi dereva wa basi nikiwa ndani ya mchezo

Wakuu, heshima kwenu nyote.

Haya si ya kusimuliwa. Mengi niliyaona kwa macho yangu na mengine niliyafanya mwenyewe, kwa hiyo atakayesema ni chai, yaani uongo, aongeze sukari anywe. Mimi ni Mkenya wa Bungoma, ndugu zangu wa Bongo mnivumilie Kiswahili changu.

Nipo Riyadh mwaka wa nne sasa. Naishi Manfuha, chumba kimoja na Wakenya wenzangu wawili ambao ni walinzi. Naendesha basi la chuo fulani kidogo cha ufundi upande wa Al-Suwaidi. Asubuhi nabeba wanafunzi, jioni nawarudisha, na kukiwa na mechi nabeba timu.

Sasa hiyo timu.

Wakuu, ilikuwa timu ya huruma. Vijana wanaosomea umeme na mabomba, wanafanya mazoezi kwenye kiwanja cha changarawe nyuma ya karakana. Kocha wao ni Ustadh Idris, Msudani mpole anayefundisha hesabu. Amejitolea tu, hakuna aliyemtuma.

Mwaka jana kwenye kombe la vyuo tulikutana na chuo kikuu kimoja cha Jeddah. Hao ndio mabingwa. Wana nyasi, wana daktari wa timu, hata makipa wana kocha wao peke yao.

Walitupiga saba bila.

Tulirudi Riyadh kama basi limebeba maiti.

Mwaka huu droo ikatoka. Robo fainali, ugenini Jeddah, na wale wale. Mkuu wa chuo akamwita Idris akamwambia wakiaibisha chuo tena timu inavunjwa, kile kiwanja kigeuzwe parking.

Niweke jambo moja hapa kabla sijaendelea. Nyumbani nilikuwa nacheza namba sita, kiungo wa kukaba, mpaka goti likanisaliti. Namba sita wa kweli haangalii mpira tu, anaangalia watu. Hiyo tabia haijanitoka mpaka leo.

Wiki mbili kabla ya mechi, wale wa Jeddah walikuja Riyadh kucheza na chuo kingine. Idris akaniomba niwapeleke vijana wakawaone. Vijana wakawa wanarekodi chenga kwa simu. Mimi macho yangu yalikuwa kwa beki wao wa kushoto.

Jamaa anapanda kama mbuzi aliyeona mahindi. Kurudi sasa, mafi! Hakuna kabisa.

Nikaona na lingine. Kila mpira wao lazima upitie kwa namba nane, kiungo wao mchezeshaji. Akibanwa dakika tano tu, wanaanza kugombana wenyewe kwa wenyewe.

Niliyaona yote hayo, nikanyamaza. Dereva ni nani? Msimamizi wa magari aliwahi kuniambia wazi, "Wewe shika usukani, halas," yaani basi, yaishie hapo. Na karatasi za ikama yangu, kibali cha kuishi hapa, zinapitia mezani kwake. Nikiongea halafu tufungwe, lawama zote si zitanishukia mimi?

Ijumaa nikampigia dada yangu Nekesa, anafanya kazi za nyumbani kwa familia moja Al-Safa, Jeddah. Nikamwambia yanayonisumbua. Huyu dada yangu hajui hata offside ni nini, lakini alinijibu hivi:

"Kaka, wakifungwa tena na wewe ulijua, utawaangaliaje kwenye kioo cha basi?"



Siku ya safari tuliondoka alfajiri. Riyadh hadi Jeddah ni kama saa kumi za barabara. Kabla ya Taif tukasimama kituo cha mafuta, vijana wakaingia msikitini kuswali adhuhuri. Mimi ni Mkristo, nikabaki nje. Idris alipotoka nikamfuata.

"Ustadh, naomba dakika mbili. Ni kuhusu mechi."

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali moja tu. "Huyo beki akipanda, nyuma yake anabaki nani?"

"Hakuna mtu, Ustadh. Ni uwanja mtupu."

Akaita timu nzima. "Waeleze," akaniambia.

Sikuwa na ubao. Nikaokota viatu mlangoni pa msikiti nikavipanga chini, kumi na moja huku, kumi na moja kule. Mzee mmoja akatoka akakuta kandambili yake ndiyo namba nane wa Jeddah! Tukamwomba radhi. Akacheka, akasimama hapo hapo na mguu mmoja peku, naye asikilize.

Mpango ulikuwa hivi. Tusiwafuate juu, tuwaachie mpira. Saleh, kijana mzito kidogo lakini mwenye pumzi ya punda, amfuate namba nane kila aendako, hata akienda kunywa maji. Na Fahad, nahodha wetu, akae pembeni kulia asubiri beki wao apande.

Tatizo likawa hapo kwa Fahad. Ndiye mwenye kipaji kuliko wote, amezoea kucheza katikati na kila mpira apewe yeye.

"Kwa hiyo nisimame kama nguzo ya umeme kwa sababu dereva amesema?"

Idris hakupandisha sauti. "Kwa sababu kocha wako amesema. Yalla, kwenye basi."

Kesho yake alasiri, mechi. Jeddah ina unyevu mbaya, unatoka jasho ukiwa umekaa. Kipindi cha kwanza tuliteseka. Waligonga mwamba mara mbili. Fahad aligusa mpira labda mara tatu. Lakini halftime ilikuwa sifuri kwa sifuri.

Fahad akaja mpaka kwenye uzio wa waya niliposimama, akatupa chupa ya maji chini. "Umenizika!"

Nikamjibu kwa Kiarabu changu cha kuokoteza. "Namba nane wao amewafokea wenzake mara mbili. Ulimsikia? Beki wao sasa anarudi akitembea. Vumilia kidogo."

Akaokota chupa, akarudi kwa wenzake.

Kipindi cha pili hata hakijachangamka, wakatufunga. Kona, kichwa, wavuni. Nikaiona saba bila inarudi. Nikamwona Fahad anaacha pembeni, anatembea kwenda katikati achukue mambo mikononi mwake. Idris amesimama, hapigi kelele. Mimi nyuma ya uzio nimeshika waya kwa vidole vyote.

Fahad akafika katikati. Akageuka kumtazama yule beki, ambaye tayari alikuwa amejipanga juu kama mshambuliaji.

Akarudi pembeni. Mwenyewe, bila kuambiwa na mtu.

Wakuu, kwangu mimi mechi tuliichukua pale.

Dakika chache baadaye Saleh akamnyang'anya namba nane mpira, akaupiga mrefu kulia. Fahad na uwanja mtupu. Kipa akamtokea. Yule Fahad ninayemjua mimi angepiga mwenyewe, lakini siku hiyo alimpa mwenzake aliyekuwa peke yake, naye akausukuma tu wavuni. Moja moja!

Kocha wao akaanza kumfokea beki abaki nyuma. Alipobaki, mashambulizi yao yakafa upande mmoja. Mwishoni tukapata faulo, Fahad akapiga kombora, kipa akautema mpira, na Saleh akauingiza kwa goti. Goli baya kuliko yote niliyowahi kuona, na tamu kuliko yote.

Mbili moja. Filimbi ilipolia, Idris alikaa chini kwenye nyasi akalia kama mtoto.

Tukirudi, Fahad alikaa kiti cha nyuma yangu. Tulipopita Taif akauliza, "Mambo haya uliyajuaje?"

"Nilipokuwa siwezi tena kucheza, nilibaki na macho tu," nikamwambia.

Tuliongea mpira mpaka taa za Riyadh zikaonekana.

Nisiwadanganye, nusu fainali tulitolewa na chuo kingine, moja bila. Lakini timu ipo, kiwanja kipo, na siku hizi nikiwa nimepaki, Idris hupanda basini na daftari tukapanga mechi pamoja.

Nilichojifunza ni kwamba mwenye nguvu huzoea kushinda kwa njia moja, na akiizoea sana haoni anachoacha wazi nyuma yake. Mnyonge akitulia anaweza kukiona. Ila kuona peke yake hakutoshi, lazima ufungue mdomo, hata kama kazi yako ni ya usukani, geti au jiko.

Haya, zamu yenu. Hapo ulipo kazini, ni kitu gani unakiona kila siku na hujathubutu kukisema?