Mbuzi Asiyekuwemo Kitabuni: Kwa Miguu Hadi Peramiho

Ujinga wangu wa kwanza, kabla hata sijafunga kamba za viatu vya safari, ulikuwa kumtunga mbuzi.

Ilikuwa jioni ya jumuiya, nyumbani kwetu Matogoro. Jumuiya ya mtaa wetu hukutana kusali kila wiki kwenye nyumba ya mmoja wetu, na mwenye nyumba ndiye hutoa msomaji. Zamu ilikuwa yetu, mama ndiye mwenyekiti, kwa hiyo msomaji nikawa mimi. Alikuwa amenipa mapema kitabu chenye jalada la bluu, kilichoandikwa na mtawa mmoja wa zamani kuhusu kusali, akaniambia nikisome na nichague ukurasa mmoja ulionigusa. Mimi nilikitumia kuzuia mlango wa chumbani usigongwe na upepo. Kwangu kitabu cha dini kilikuwa kama hotuba ya mgeni rasmi: unajua atakachosema, unangoja soda.

Watu wakajaa sebuleni. Nikafungua popote, nikaona aya ndefu isiyo na pa kupumulia, nikachoka kabla ya kuanza. Basi nikakazia macho ukurasa na kujitungia. Nikasema mtawa huyo alikuwa na mbuzi mkaidi. Kila akimfunga, mbuzi anatafuna kamba. Siku mtawa alipokata tamaa na kumwachia, mbuzi alimfuata mwenyewe hadi kanisani, akalala chini ya altare.

Bibi Kapinga, jirani yetu mfuga mbuzi, alilia machozi ya kweli. Lakini Mzee Haule, katekista wetu, mtu anayecheka siku ya Pasaka tu, alikohoa.

"Kitabu hicho nimekisoma," alisema. "Sikumbuki mbuzi."

Mama akakaza kitenge chake kiunoni.

"Jumamosi tunakwenda hija Peramiho, Mzee. Huyu huyu ndiye atatusomea njia nzima. Tukifika, atausoma ukurasa huo mbele ya jumuiya zote, na wewe utaushika kwa mkono wako. Asipouonyesha, mimi nitasimama palepale niombe radhi, na uenyekiti nitauacha."

Nilimwangalia mama. Hakuniangalia. Siku zilizofuata nilijaribu mara kadhaa kumwambia ukweli, na kila nikianza na "Mama, kuhusu ule ukurasa," ananituma maji, au kuni, au kwa fundi cherehani.

Jumamosi alfajiri tulitoka Matogoro. Ni msimu ule wa baridi ya Songea ambao hata jogoo anawika akiwa ndani. Kina mama walivaa sweta juu ya vitenge na soksi ndani ya kandambili. Milima ilikuwa nyuma yetu, imefunikwa na ukungu. Rozari ilianza kabla sijapiga miayo sawasawa. Mimi nilitembea mwisho wa msafara, kitabu mkononi, nikipekua kwa tochi ya simu kama polisi anayesaka bangi. Nilikuwa namtafuta mbuzi. Hata kondoo ningemchukua. Hata kuku.

Mjini tulipita maduka yakifunguliwa. Vijana wa bodaboda walituuliza kama tumekosa nauli. Kituo cha kwanza kilikuwa baada ya kutoka mjini, kwenye majani kando ya lami. Nikasoma ukurasa wa mwanzo kwa kasi ya mtangazaji wa mpira dakika za nyongeza. Nilipomaliza, Bibi Kapinga aliuliza, "Na mbuzi?"

"Wako mbele, Bibi."

"Wako? Si alikuwa mmoja?"

"Amezaa," alidakia mtu nyuma, msafara mzima ukacheka. Mzee Haule hakucheka. Haikuwa Pasaka.

Kuelekea Likuyufusi jua lilipanda, sweta zikahamia kichwani. Bibi Kapinga aliniita nitembee naye. Macho yake hayasomi tena, akataka nimsomee tukienda. Nikaanza mbio zangu.

"Taratibu, mjukuu. Nani anakufukuza? Rudia hapo."

Nikarudia. Hapo mtawa alikuwa anasema kwamba miaka yake ya kwanza utawani, kila alipopiga magoti, mawazo yake yalikwenda jikoni kukisia kama leo kuna maharage au mboga. Nikasimama barabarani. Nikasoma tena kimoyomoyo, nikidhani nimejitungia kwa mazoea. Hapana, imeandikwa.

"Bibi, huyu ni mtawa kweli?"

"Ulidhani watawa hawana tumbo?"

Basi nikaanza kusoma kama ninavyosoma ujumbe wa mtu ninayetaka kujua habari zake. Kwenye sura moja alijisifu, nikamzomea. Kwenye nyingine alisema kukaa kimya wakati wa kula ni zawadi, nikamwambia Bibi huyu hajakaa meza moja na wadogo zangu. Bibi alicheka hadi akashika ubavu.

"Lakini wewe, Bibi, unaamini yote haya?"

"Mengine naamini. Mengine siyaelewi, nayaacha yakae. Siwafukuzi wageni kwa sababu sijajua walichokuja kufanya."

Njia panda ya kuingilia Peramiho tulipumzika mara ya mwisho. Miguu yangu ilikuwa inawaka, lakini sikuisikia, maana nilikuwa nimebakiza kurasa chache na bado hakuna mbuzi. Kuna mtu wa jumuiya yetu aliyekuwa amekituma kisa cha mbuzi kwa sauti kwenye kundi la WhatsApp la mahujaji, hivyo hata wa vigango vingine waliotukuta hapo waliuliza, "Ndiye msomaji wa mbuzi?" Nilitamani ardhi ya Ruvuma inimeze, ila ilikuwa na lami.

Hapo ndipo niliukuta ukurasa. Sikuuelewa mara moja. Nikausoma mara ya pili, nikafunga kitabu, nikamtazama mama. Alikuwa amekaa pembeni, amevua viatu, anakanda kisigino kilichochubuka. Kesho huenda asiwe mwenyekiti wa mtu yeyote, na alikuwa anamgawia Mzee Haule kipande chake cha muhogo.

Alasiri tuliingia Peramiho tukiimba. Kanisa lile ukiliona baada ya kutembea siku nzima ni kubwa kuliko ukilifikia kwa gari, niamini. Sista mmoja mnene, mchangamfu, alitupokea uwanjani na ndoo ya togwa.

"Tumsifu Yesu Kristu!"

"Milele, amina!"

"Kunyweni kwanza, halafu tumsikie mbuzi."

Jumuiya zote zilikaa kwenye nyasi. Nikasimama. Mzee Haule alikuwa ameshanyoosha mkono kungoja kitabu. Mama alikuwa ameshakaza kitenge, tayari kusimama.

"Mbuzi hayumo," nilisema. Sauti ilitoka nyembamba kama ya mtoto wa chekechea. "Mbuzi nilimtunga mimi, kwa uvivu, maana kitabu sikukisoma. Mama hana kosa. Mkitaka wa kuomba radhi, ni mimi."

Minong'ono ikapita kama upepo kwenye mahindi makavu.

"Hata kamba?" aliuliza Bibi Kapinga.

"Hata kamba, Bibi. Lakini sasa nimekisoma. Ukurasa ulionigusa ni huu, naomba niusome."

Nikasoma taratibu, bila kufukuzwa. Mtawa anasimulia kwamba alikuwa na kipaji cha kusali kwa maneno mazuri. Wenzake walimsifu, wengine walilia, naye alijua moyoni kwamba anatunga tu. Siku moja, zamu yake ilipofika, maneno yote yalimkimbia. Akabaki amesimama, jasho likimtoka, akaweza kusema mawili tu: niko hapa. Anaandika kwamba hiyo ndiyo ilikuwa sala yake ya kwanza.

Nilipofika kwenye "niko hapa" sauti ilinikatika. Si maigizo. Mimi najua maigizo yangu.

Halafu Bibi Kapinga akasema, kwa sauti yake ya kuitia mbuzi, "Niko hapa." Mtu mwingine akasema. Sista akasema, ndoo bado mkononi. Ikaenea uwanja mzima, wazee, watoto, kila mmoja kwa wakati wake, bila kiongozi. Mzee Haule alichukua kitabu, akapitisha kidole kwenye mistari, akaitikia kwa kichwa.

"Huu upo," alisema kwa nguvu. Kisha akacheka, na haikuwa Pasaka! "Upo! Na mwenyekiti akae palepale alipo!"

Makofi, vigelegele. Kina mama waliniinua juu, wakaniangusha, wakaniinua tena. Nimewahi kufunga mabao mawili fainali ya shule. Haifiki.

Jumapili baada ya misa tulirudi kwa lori la parokia, tumekalia magunia matupu. Njia nzima walidai niwasimulie mbuzi, safari hii kama wangu mwenyewe, na tulipofika Likuyufusi alikuwa na watoto wanne na shemeji. Katikati ya vicheko nilikuwa nawaza jambo moja. Kitabu nilichodhani najua kitakachosema kilikuwa kinanisema mimi, wakati kinazuia mlango. Sura ya kunyamaza mezani siikubali hadi leo. Nimeiacha ikae.

Jioni, Matogoro, nilimpelekea mama maji ya moto ya kukandia miguu, nikamuuliza angefanyaje kama ningekaa kimya kule uwanjani. Alitumbukiza mguu, akafumba macho, akasema:

"Ningeomba radhi, uenyekiti ningeuacha, na wewe ungepika mwaka mzima. Mbuzi nilijua ni wako tangu ulipofungua mdomo; kitabu hicho nimekisoma kabla hujaota meno. Lakini ningekwambia, ungekisoma? Haya, ongeza maji ya moto, na mlango utafutie jiwe."